Mpe sakafu: jinsi ya kumsaidia mtoto kukaza shingo, kukaa, kutambaa na kutembea

"Mwanangu ana miezi minane hatambai, nifanyeje?" "Wa jirani ana miezi kumi anatembea, wangu wa miezi kumi na mmoja kakaa tu kama mzee barazani." "Ninunue kile kigari cha magurudumu ili atembee mapema?"

Maswali haya matatu nimeyajibu mara nyingi mpaka nimeyakariri, nikaona heri niyajibu yote mahali pamoja. Mwongozo huu unaanzia siku za mwanzo hadi miaka mitano hivi, ila uzito wake uko kwenye mwaka mmoja na nusu wa kwanza, kwa sababu huko ndiko wazazi wanakokosa usingizi kwa hofu.

Kuna jambo utakaloliona likijirudia kila hatua, basi nilitaje mapema: mtoto hafundishwi kutambaa wala kutembea jinsi anavyofundishwa kusoma. Anapewa nafasi, mengine anayafanya mwenyewe. Na nafasi hiyo ni sakafu. Si kiti chenye mikanda, si kitanda, si mapaja ya watu kutwa nzima.

## Kabla ya kuanza

Hakuna cha gharama hapa.

Umri wake wa kweli. Kama mtoto wako alizaliwa njiti, usimpime kwa tarehe ya kuzaliwa pekee. Toa wiki alizowahi. Aliyezaliwa wiki ya 32 badala ya 40 amewahi wiki 8, kwa hiyo akifikisha miezi mitano, mtazame kama mtoto wa miezi mitatu. Endelea kuhesabu hivyo mpaka atimize miaka miwili. Nimeona mama akilia kwa sababu mwanawe wa miezi minane hakai, kumbe kwa hesabu sahihi alikuwa na miezi mitano na nusu.

Kadi ya kliniki. Misuli inajengwa na chakula, na kadi ndiyo inayoonyesha kama kinatosha. Kichanga hupungua uzito siku za mwanzo, hata kufikia sehemu moja ya kumi, kisha huurudisha ndani ya wiki mbili hivi. Uzito wa kuzaliwa huwa umejirudufu kwenye mwezi wa tano, na mtoto akitimiza mwaka huwa mara tatu. Urefu hutoka sentimita 50 hivi hadi karibu 75. Kama mstari wa uzito umelala au unashuka, anza na hilo kabla ya kuhangaika na kutambaa.

Eneo. Mkeka, zulia au blanketi lililokunjwa, sakafuni. Pawe pakavu, pasiwe na upepo mkali, na pasiwe mahali watu wanapopita na vikombe vya moto. Godoro halifai. Linabonyea, mtoto anasukuma na nguvu yote inamezwa na sponji. Isitoshe ataanguka.

Vitu vitatu vinne vya kuchezea. Kijiko cha mbao, kikombe cha plastiki, kitambaa cha rangi kali, mpira laini. Kila kitu kiwe kikubwa kuliko tundu la kile kibomba cha karatasi kinachobaki baada ya karatasi ya chooni kuisha. Kinachopita humo kinaweza kumkaba.

Miguu mitupu na nguo nyepesi. Soksi kwenye sakafu inayoteleza humharibia zoezi zima.

Halafu chukua karatasi uandike vipindi hivi, uvibandike ukutani. Vimetolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wenye afya huko Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani:

- Kukaa bila kuegemea: miezi 3.8 hadi 9.2
- Kusimama akishikilia: miezi 4.8 hadi 11.4
- Kutambaa kwa mikono na magoti: miezi 5.2 hadi 13.5
- Kutembea akishikilia: miezi 5.9 hadi 13.7
- Kusimama peke yake: miezi 6.9 hadi 16.9
- Kutembea peke yake: miezi 8.2 hadi 17.6

Kati ya watoto mia, kama tisini na wanane wanaangukia ndani ya vipindi hivyo. Tazama huo wa mwisho: kutoka miezi minane hadi kumi na saba na nusu! Mtoto wa jirani aliyetembea na miezi kumi na wako atakayetembea na miezi kumi na sita wote wako sawa. Umri wa kutembea haukuambii nani atakuwa hodari darasani.

## Hatua kwa hatua

### 1. Mlaze kifudifudi akiwa macho, tangu wiki ya kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayozaa nyingine zote. Mtoto akilala kwa tumbo hulazimika kuinua kichwa, kisha kifua, kisha kujisukuma kwa mikono. Nguvu hushuka kutoka juu kwenda chini: shingo, mabega, mgongo, kiuno, ndipo miguu. Huwezi kuanzia miguuni.

Fanya hivi:

a) Kwa kichanga, anza juu ya kifua chako. Jilaze kwa kuegemea, mweke kifudifudi mkitazamana. Sauti yako itamfanya ainue kichwa.

b) Baada ya wiki chache hamia mkekani. Kunja taulo dogo, ulipitishe chini ya kifua na makwapa yake, mikono ikiwa mbele. Nawe lala chini mbele yake, uso kwa uso.

c) Dakika moja au mbili zinatosha mwanzoni, mara kadhaa kwa siku. Ongeza taratibu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa vipande vipande.

d) Akichoka, akaweka shavu chini na kuanza kulalamika, mgeuze. Usisubiri kilio.

Onyo: Kifudifudi ni kwa mtoto aliye macho na anayeangaliwa. Kulala usingizi ni chali, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka, juu ya godoro gumu lisilo na mito. Mtoto mchanga anayelazwa kifudifudi usingizini yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla. Akisinzia mkekani, mgeuze chali.

Usimlaze kifudifudi punde tu baada ya kunyonya. Atacheua, nawe utadhani zoezi limemdhuru.

### 2. Ilinde shingo, lakini iache ifanye kazi (miezi 0 hadi 4)

Mpaka shingo ikaze, kichwa kinashikiliwa kila unapomwinua. Usimrushe juu, na usimtikise kamwe, hata kwa mchezo, hata ukiwa umechoshwa na kilio. Ubongo wake unagonga ndani ya fuvu.

Badilisha upande. Leo mlaze kichwa kikielekea mwanzo wa kitanda, kesho mwisho wake. Mbebe bega la kulia, kisha la kushoto. Watoto hugeukia kwenye mwanga na sauti, na wasipobadilishwa hugeukia upande mmoja tu mpaka kichwa kinabonyea na msuli wa shingo unafupika.

Usimfunge miguu ikanyooka kama fimbo, na usiinyooshe kwa nguvu "isije ikawa mibovu". Nyonga za kichanga zinakomaa vizuri magoti yakiwa yamekunjwa na mapaja yamepanuka, kama chura. Hata kwenye mbeleko, mapaja yashikiliwe mpaka magotini, miguu isining'inie.

Wazazi wengi hushangaa kwamba kichanga akisimamishwa, nyayo zikagusa sakafu, hupiga hatua kama anayetaka kwenda zake. Baada ya miezi miwili hivi hatua zinapotea, na watu wanadhani mtoto amesahau. Hajasahau. Mtafiti Esther Thelen na wenzake, miaka ya 1980, waliwaweka watoto kama hao wima, miguu ikiwa ndani ya maji, na hatua zikarudi. Miguu ilikuwa imenenepa kuliko nguvu ya misuli, basi. Kwa hiyo usimsimamishe kila siku eti asisahau.

Kushtuka kwa kutanua mikono ghafla na kufumba kidole chako kwa nguvu navyo ni vya asili. Huondoka kati ya miezi minne na sita.

### 3. Ipe mikono kazi (miezi 3 hadi 12)

Mikono husahaulika kwa sababu watu wote macho yao yako miguuni. Hapa mfuatano ni kutoka begani kwenda ncha za vidole.

Kwenye miezi mitatu ngumi hufunguka. Mlaze chali, uning'inize kijiko cha mbao juu ya kifua chake, katikati, umbali anaoweza kuufikia. Mwanzo atakipiga tu, kwa bahati. Miezi minne au mitano atakikamata kwa kiganja kizima. Karibu na miezi sita atakihamisha kutoka mkono huu kwenda ule, na hapo furahi kweli, kwa sababu pande mbili za mwili zimeanza kushirikiana. Akiwa ameshika kitu mkono mmoja, mpe cha pili. Atasita, aangalie, aachie cha kwanza. Baada ya wiki kadhaa atashika vyote viwili na kuvigonganisha mpaka uombe amani.

Kati ya miezi tisa na kumi na miwili huja kuokota kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada. Mwekee vipande vidogo vya chakula laini, kinachobonyea kwa vidole vyako, ajiokotee mwenyewe. Atachafua. Mwache achafue.

Onyo: Siku anapoanza kuokota ndiyo siku ya kufagia kwa makini. Hatari kuliko zote ni zile betri bapa za mviringo kama kitufe, za rimoti na vitu vya kuchezea. Zikikwama kooni zinaweza kuunguza nyama vibaya ndani ya saa mbili tu. Ukihisi amemeza, nenda hospitali palepale, usisubiri aitoe chooni.

### 4. Kujigeuza (miezi 4 hadi 6, wengine baadaye kidogo)

Mlaze chali. Weka kitambaa cha rangi upande mmoja, usawa wa macho, mbali kidogo na mkono. Atageuza kichwa, kisha mkono utavuka kifua. Kiuno kikikataa kufuata, kunja goti lake la upande wa pili ulivushe taratibu, halafu umwachie amalizie. Usimalizie wewe. Ile nusu ya mwisho ndiyo zoezi lenyewe. Fanya kulia na kushoto sawasawa.

Onyo: Hakuna anayejua mtoto atajigeuza lini mara ya kwanza, na wengi hufanya hivyo juu ya kitanda mama akiwa amegeuka kuchukua nepi. Tangu mwezi wa tatu, chukulia kwamba anaweza. Badilishia sakafuni, au mkono wako mmoja ubaki juu yake. Kama ulikuwa ukimviringisha kwa kitambaa mikono ikiwa ndani, acha mara uonapo dalili za kujigeuza.

### 5. Kukaa

Kosa kubwa hapa ni kumzungushia mito mtoto wa miezi minne na kusema kuwa amekaa. Hajakaa, amewekwa. Mgongo umepinda, kichwa kimezama mabegani, na misuli inayopaswa kufanya kazi imelala.

Njia bora: keti sakafuni miguu umeitanua, mweke katikati, umshike kiunoni badala ya kwapani. Kadiri anavyokaza ndivyo unavyoshusha mikono. Atapita kipindi cha kukaa ameegemea mikono yake mbele, kama chungu kwenye mafiga matatu. Hicho ni kizuri, kiache. Baadaye weka vitu vya kuchezea mbele, kisha pembeni, kisha nyuma kidogo, ili ageuke kuvifuata. Kuyumba na kuanguka pembeni ndiko kunakomfundisha kutoa mkono kujikinga, kwa hiyo weka blanketi kuzunguka, usimwekee ukuta.

Na vile viti vya kubebea, vya kubembea, vya mikanda? Vina kazi yake: garini, wakati unapika. Lakini mtoto asifungwe humo zaidi ya saa nzima mfululizo. Jumlisha siku moja tu muda anaoutumia amefungwa mahali. Wengi wakifanya hesabu hiyo hawahitaji tena kuniuliza kwa nini hatambai.

### 6. Kutambaa

Mtoto aliyekaa vizuri na anayekubali kulala kifudifudi atatafuta njia ya kwenda. Njia zenyewe ni nyingi: kuna wanaoburuta tumbo kama askari, wanaorudi kinyumenyume kwa wiki nzima huku wakilia kwa sababu kitu wanachokitaka kinazidi kuwa mbali, wanaosota kwa makalio, wanaobingirika chumba kizima. Na katika uchunguzi ule wa Shirika la Afya Duniani niliotaja, watoto kama wanne katika mia hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walisimama, wakaenda.

Ukitaka kumsaidia:

a) Weka kitu anachokipenda hatua moja mbele ya mkono wake. Kikiwa mbali sana atakata tamaa, na ukikisogeza kila anapokaribia utakuwa unamdhihaki.

b) Anayerudi kinyumenyume, weka viganja vyako nyuma ya nyayo zake apate cha kusukuma.

c) Anayesimamia mikono na magoti akatikisika mbele na nyuma bila kwenda, mwache. Huyo ni injini inayopashwa moto.

d) Mlaze kukatiza paja lako, mikono upande mmoja na magoti upande mwingine, acheze hapo dakika chache.

Kisha piga magoti wewe mwenyewe uzunguke nyumba. Kweli, fanya. Utaona nyaya, kona za meza, ndoo ya maji, kitambaa cha meza kinachoning'inia na chai ya moto juu yake. Usawa huo wa macho ndio ulimwengu wake sasa. Ndoo ya maji imwage au ifunikwe, maana sentimita chache tu za maji zinatosha kumzamisha.

### 7. Kusimama dede na kuambaa

Atajivuta kwa kiti, kwa suruali yako, kwa chochote. Sogeza viti vizito au benchi fupi vikae kwa mfuatano, aweze kuambaa navyo kutoka kimoja hadi kingine. Mwanzo viwe vimegusana, baadaye acha nafasi ndogo inayomlazimu kunyoosha mkono.

Wengi hujua kusimama kabla ya kujua kukaa tena, basi usiku unamkuta kasimama kitandani analia. Mfundishe kushuka: weka kitu sakafuni karibu na mguu wake, kunja goti lake kidogo kwa mkono wako, ashuke akiwa ameshikilia. Rudia mchana. Usiku utatulia.

Sasa kile kigari cha magurudumu. Usinunue. Ukipewa zawadi, shukuru na ukiweke juu ya kabati. Mtoto aliyening'inizwa humo husukuma kwa ncha za vidole vya miguu, kiuno hakibebi uzito, na haoni miguu yake. Vigari hivi haviharakishi kutembea, na huenda vikachelewesha. Kibaya zaidi, humpa mtoto asiye na akili ya hatari mwendo wa kasi kuelekea ngazi na jiko. Kanada ilivipiga marufuku kabisa mwaka 2004, hata kuuza vilivyotumika. Kitu kizito anachokisukuma akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, kama boksi lililojazwa nguo, ni bora mara kumi.

### 8. Kwenda tata

Hatua za kwanza huwa pana, mikono juu, tumbo mbele. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mikono itashuka mizani ikikomaa.

Mweke asimame kaegemea ukuta au kiti, nawe piga magoti hatua mbili mbele, mikono wazi. Ukitaka kumshika, mshike kiunoni, au mpe kitambaa mshike ncha hii na ile. Kumwongoza mikono ikiwa imevutwa juu ya kichwa kunamfanya aning'inie kwako. Na usimvute wala kumwinua kwa mkono mmoja: kati ya mwaka mmoja na minne kiwiko huteguka kwa urahisi mno, mtoto akaacha mkono ukining'inia na hakuna anayejua kwa nini.

Ataanguka. Mtafiti Karen Adolph na wenzake waliwahesabia watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa hiari yao, wakakuta wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa moja. Kwa saa! Kwa hiyo ukikimbilia kumwokota kila mara hutafanya kazi nyingine. Angalia kwanza uso wake. Mara nyingi naye anaangalia wako ili ajue kama alie.

Ndani ya nyumba, pekupeku. Vidole vinashika, unyayo unahisi sakafu. Viatu ni vya nje, na viwe vyepesi, soli inayopinda kwa vidole vyako viwili, mbele pabaki nafasi kama upana wa kidole. Viatu vigumu vya "kunyoosha mguu" havimsaidii mtoto mzima wa afya. Unyayo bapa usikuogopeshe, maana una mafuta chini, na uvungu wake huonekana taratibu miaka ya mbele.

### 9. Baada ya kutembea, hadi miaka mitano

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mtoto anayetembea hujitafutia mazoezi mwenyewe, kazi yako ni kutomzuia kupita kiasi. Tangu atimize mwaka anahitaji jumla ya saa tatu za kujongea kwa siku. Akifika miaka mitatu, saa moja kati ya hizo iwe ya kuhema na kutoka jasho. Skrini: hakuna kabisa kabla ya miaka miwili, na baada ya hapo isizidi saa moja kwa siku.

Miaka miwili anakimbia na kupiga mpira teke. Mitatu anapanda ngazi kwa kupokezana miguu na kuendesha baiskeli ya magurudumu matatu. Minne anaruka kwa mguu mmoja. Mikononi: kwenye miezi kumi na minane anapanga vibao vitatu au vinne, miaka mitatu anaiga kuchora duara, minne msalaba, mitano pembetatu. Mpe unga akande, vifungo afunge, kijiko ale mwenyewe. Penseli itakuja baadaye na itakuta mkono uko tayari.

## Mambo yakikwama

Analia kila nikimlaza kifudifudi. Rudi kifuani kwako. Au mbebe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa karibu na kiwiko. Sekunde thelathini kila baada ya kubadilisha nepi ni mwanzo mzuri. Aliyecheleweshwa mpaka miezi mitatu hulia zaidi, ila huzoea.

Kichwa kimebonyea upande mmoja. Ongeza muda wa kifudifudi, badilisha pande, weka vya kuvutia upande asioupenda. Kama shingo yenyewe haigeuki upande huo hata ukimwita, aonwe mapema na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mazoezi. Shingo ya miezi miwili inanyooka kirahisi kuliko ya miezi minane.

Anasota kwa makalio, hatambai. Sawa tu, ilimradi anatumia pande zote mbili. Wasotaji mara nyingi huchelewa kidogo kutembea.

Anatembea kwa vidole vya miguu. Kawaida miezi ya mwanzo. Ikiendelea baada ya miaka miwili, au kisigino hakigusi chini hata ukijaribu kukishusha, aonwe.

Miguu ina matege. Karibu watoto wote huwa nayo kidogo mpaka karibu miaka miwili, kisha magoti hugeukia ndani kwenye miaka mitatu minne, halafu hunyooka wakikaribia saba. Nenda hospitali kama yanazidi baada ya miaka miwili, ni mguu mmoja tu, yanamuuma, au mtoto hakui urefu. Huenda ni upungufu wa vitamini D.

Anatumia mkono mmoja tu. Watu husema "atakuwa wa mashoto". Mkono wa kudumu haujichagui kabla ya mwaka mmoja. Mtoto wa miezi minane anayeacha mkono mmoja umekunjwa au umefumba ngumi anaonyesha udhaifu wa upande huo. Mpeleke.

Alikuwa anatambaa, ameacha wiki nzima. Kama anaota meno, ametoka kuugua, au amezama kwenye kujifunza kusimama, subiri siku chache. Kama kitu alichokijua kweli kimepotea na hakirudi, usisubiri.

## Usingoje, nenda ukaonwe

- Miezi 4: kichwa bado kinaanguka, au ngumi hazifunguki kabisa.
- Miezi 6: hanyooshi mkono kufuata kitu.
- Miezi 9: hawezi kukaa.
- Miezi 12: hakanyagi kwa uzito wake akishikiliwa wima.
- Miezi 18: hatembei.
- Umri wowote: amekakamaa kama ubao au kulegea kama kitambaa, upande mmoja unafanya kazi kuliko mwingine, au anapoteza alichokijua.
- Miaka mitatu au minne: kila akiinuka kutoka sakafuni anajipanda kwa mikono kwenye mapaja yake, hasa mvulana mwenye mashavu ya miguu yaliyojaa na magumu.

Ukiambiwa tu "atakuja kutembea, subiri", bila mtu kumshika na kumtazama akijongea, omba aonwe na mwingine. Nendeni na kadi, na karatasi yenye tarehe: lini shingo ilikaza, lini alijigeuza, lini alikaa. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, mrekodi kwa simu dakika moja akiwa sakafuni, amevaa nepi tu, kwanza chali, kisha kifudifudi, kisha akiwa amekaa. Mbele ya daktari atalia, au atalala fofofo, na hatafanya hata kimoja cha yale uliyokwenda kumwonyesha.